SOMO LA KIKUNDI: NYUMBA NDOGO YA NCHI YA BARIDI



Siku hizi si ajabu mzazi kijijini kupata habari kwamba mtoto wake aliye Marekani au Kanada anataka kununua nyumba ndogo ya mbao iliyojengwa tayari. Nyingine huwa juu ya trela yenye magurudumu. Mwongozo wa ujenzi wa Marekani wa mwaka 2018 unaita "nyumba ndogo" ile ambayo sakafu yake haizidi mita 37 za mraba, yaani kama hatua 6 kubwa kwa 6. Wengi wetu tumelea watoto katika nyumba kama hiyo, kwa hiyo udogo wake hautushangazi. Tunalotaka kujifunza leo ni habari ya baridi.

Tuchukue mji wa Fairbanks, katika jimbo la Alaska. Wakulima wa Kinangop wanajua jinsi sakitu inavyochoma viazi kwa usiku mmoja. Usiku kama huo huwa karibu na digrii sifuri, au chini yake kidogo. Fairbanks inaweza kushuka hadi digrii 40 chini ya sifuri! Mahali kama hapo nyumba mbaya inaweza kuua watu. Kwa hivyo kabla ya kutoa pesa, mnunuzi aulize maswali haya matano.

1. Ndani ya ukuta kuna nini?
Kati ya mbao za nje na za ndani hujazwa kitu cha kuzuia joto lisitoke, kama vile sisi tunavyojifunika blanketi. Muuzaji aseme ni kitu gani, na unene wake ni kiasi gani, kwa maandishi. Usisahau paa na sakafu. Nyumba ikiwa juu ya trela, upepo hupita chini yake usiku kucha. Madirisha nayo yawe na vioo vitatu vilivyopangwa pamoja. Nyumba iliyotengenezwa kwa ajili ya jimbo la joto kama Texas inaweza kufanana kabisa na ile ya Alaska kwenye picha, kumbe ndani ni tofauti.

2. Unyevu unaenda wapi?
Fungua sufuria ya ugali uone matone chini ya kifuniko. Katika nyumba ndogo watu wanapumua, wanapika na kuanika nguo. Mvuke huo ukipenya ndani ya ukuta wa baridi unageuka maji, halafu barafu. Joto likirudi, barafu inayeyuka na mbao zinaoza polepole bila mtu kuona. Ndiyo maana fundi wa huko huweka karatasi ya plastiki upande wa ndani, wenye joto, na kuziba maungio yote. Pia huweka mashine inayotoa hewa chafu na kutumia joto la hewa hiyo kupasha ile safi inayoingia. Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuifikiria Alaska, lakini neno lao linafika huko.

3. Moto uko wapi, na moshi unatokea wapi?
Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Moto wa kuni, makaa au gesi ukikosa hewa ya kutosha hutoa gesi inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kikiuma, analala, haamki. Nyumba ndogo iliyozibwa vizuri hujaa gesi hiyo haraka. Lazima kuwe na bomba la moshi linalofika nje, na kengele ya kugundua gesi hiyo.

Hapa tusiwacheke wa Alaska. Hata kwetu, katika baridi ya Juni na Julai, watu wamekufa kwa kulala na jiko la makaa ndani na madirisha yamefungwa.

4. Maji na choo vikoje?
Mabomba ya maji yakiganda hupasuka. Pale Fairbanks watu wengi, wakiwemo wanafunzi wa chuo kikuu, wanaishi katika nyumba ndogo zisizo na maji ya mfereji. Wanachota maji mjini kwa mitungi na choo kiko nje. Ndiyo, hata Marekani! Kwa hivyo nyumba isiyo na bomba inafaa, mradi mnunuzi ajue mapema.

5. Itasimama wapi?
Sehemu nyingi za Alaska, ardhi ya chini imeganda mwaka mzima. Joto la nyumba likiiyeyusha, nyumba inazama upande mmoja. Kwa sababu hiyo wengi huinua nyumba juu ya nguzo ili hewa baridi ipite chini. Paa nalo libebe uzito wa theluji. Tena miji mingine hairuhusu mtu kuishi katika nyumba yenye magurudumu. Auliziwe ofisi ya mji kwanza, malipo baadaye.

Shauri letu
Mtoto akiomba kikundi kimkopeshe, msiangalie picha pekee. Mwambieni azungumze na mtu aliyelala katika nyumba ya aina hiyo wakati wa baridi, siyo Julai ambapo huko ni joto. Amwulize alitumia pesa ngapi za kuni au mafuta mwezi wa Januari. Nyumba ya bei nafuu inayokula mafuta kila siku si nafuu tena.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni nani kati yetu analala na jiko ndani? Tutamsaidiaje aache kabla ya Juni?
2. Tukinunua kitu kilichotengenezwa tayari, kama tangi au mashine, huwa tunauliza kilitengenezwa kwa kazi gani na mahali gani?
3. Kikundi kiandike maswali matano ambayo kila mkopaji atajibu kabla ya kupewa pesa.