Mifumo Miwili ndani ya Kompyuta Moja



Wengi wanatuuliza ulizo hili: je, kompyuta moja inaweza kuwa na Windows na Linux pamoja, bila kununua mashini ya pili? Ndiyo, inaweza. Lakini ndani ya kazi hii kuna mahali pamoja ambapo mtu anaweza kupoteza mafaili yake yote kwa dakika chache. Pale tutakaa zaidi.

Mfumo ni ile programu kubwa inayoongoza mashini. Unagawanya memori, unasoma diski, unasikiliza vibonye, unazipa programu ndogo ruhusa ya kutumika. Bila mfumo, kompyuta ni sanduku la chuma tu. Sasa elewa vizuri: mifumo miwili inaweza kukaa kwenye diski moja, lakini inaongoza kwa zamu. Ukiwasha Linux, Windows ni maandiko yaliyolala kwenye diski, haijui lolote. Kuna njia nyingine, ya kufungua mfumo wa pili ndani ya wa kwanza kama mgeni ndani ya nyumba ya mwenyeji, lakini njia hiyo inataka memori nyingi, na mashini zetu za zamani hazina.

Juu ya nini mtu atake miwili? Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inadai kitu kinachoitwa TPM 2.0, na mashini nyingi zilizotumika kwanza Ulaya kisha zikafika kwetu haziko nacho. Kuacha Windows kabisa si rahisi, sababu pengine programu ya biro inayohesabu pointi ao feza inatumika katika Windows peke yake. Basi watu wanaiacha Windows kwa kazi ile moja, bila intaneti, na wanaweka Linux, ambayo ni ya bure, kwa intaneti na masomo. Tunaona ni mpango wa akili.

Tuangalie namna kompyuta inavyoamka. Ukibonyeza kibonye cha kuwasha, programu ndogo iliyo ndani ya mashini yenyewe inaamka kwanza. Katika mashini za zamani inaitwa BIOS, katika mashini mpya UEFI. BIOS inasoma baiti 512 za kwanza za diski, basi. Ndani yake, baiti 446 ni za kianzishi, yaani programu inayoamsha mfumo. 64 ni orodha ya sehemu za diski. 2 za mwisho ni alama. Kila sehemu inaandikwa kwa baiti 16, ndiyo sababu orodha ile inaweza kutaja sehemu 4 tu. Kiti cha kianzishi ni kimoja, na mifumo miwili inakigombania. UEFI haifanyi hivyo: inatafuta sehemu ndogo ya diski ambamo kila mfumo unaweka kianzishi chake, kila kimoja mahali pake.

Hapa ndipo unatoka ushauri wa kuweka Windows kwanza, kisha Linux. Linux inakuja na kianzishi kinachoitwa GRUB, ambacho kinaandika kwenye kioo majina ya mifumo yote na kukuuliza unataka upi. Windows haiulizi, inaweka kianzishi chake na kusonga mbele. Ukigeuza utaratibu, Linux haikufa, ni mlango wake tu umefichwa, na GRUB inaweza kurudishwa kwa flashi.

Sasa mahali pa hatari: kugawanya diski. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, alianza Linux mwaka wa 1991 kwenye kompyuta iliyokuwa na mfumo mwingine, Minix. Siku moja alitaka mashini yake iite kompyuta ya chuo kikuu kwa njia ya simu. Pahali pa jina la chombo cha simu aliandika jina la sehemu ya diski yake. Amri za simu ziliandikwa juu ya Minix, na Minix ikaharibika. Hakuiweka tena, aliendelea na Linux yake. Lakini yeye alikuwa na mfumo mwingine mkononi. Sekretere aliye na pointi za mwaka mzima za darasa la sita hana pointi nyingine.

Kwa hiyo, kabla ya yote, nakili mafaili kwenye diski ya inje, kisha uyafungue pale kuona kama yanasomeka kweli. Nakala ambayo haijafunguliwa, sisi hatuiite nakala. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, andika kwenye karatasi ufunguo wake wa tarakimu 48. Usianze saa ambayo umeme unakatika-katika: kama ni laptopu, batri ijae, kama ni ya mezani, ngoja mashini ya umeme ya shule iwake. Punguza sehemu ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe. Kisha, Linux inapokuuliza, soma kila neno. Jibu la kufuta diski yote liko palepale karibu na jibu la kukaa pamoja na Windows, na mwenye haraka anabonyeza la kwanza analoliona.

Kitu kingine. Windows za siku hizi zinajifanya zimezimwa, kumbe zimelala nusu, ili ziamke mbio. Linux ikiandika katika sehemu yao wakati huo, mafaili yanaweza kuharibika. Uondoe mwamko ule wa haraka katika mipango ya Windows.

Tena usishangae juu ya saa. Mashini iko na saa yake ndogo yenye batri. Windows inaiweka kwa saa ya mahali. Linux inaiweka kwa saa ya ulimwengu, UTC. Lubumbashi, Bukavu na Goma ziko saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa saa moja. Bila intaneti ya kurekebisha, mifumo hii itabishana kila siku. Amri ya Linux inayomaliza ubishi ni timedatectl set-local-rtc 1.

Maulizo. Uko Bukavu, saa ni 14:00 kamili, unatoka Linux na kuingia Windows, intaneti hakuna. Windows itaonyesha saa ngapi? Ukiirekebisha kwa mkono na kurudi Linux mara moja, utaona nini? Na ndugu yako wa Kinshasa akifanya vilevile? Majibu katika toleo linalokuja.