Kile Kitufe Kimeenda Wapi? Mafunzo Niliyopata Mitandaoni

Nauza vitenge mtandaoni, na nawasimamia wenzangu wachache kurasa zao. Mtandao wowote ukibadilisha sura, simu yangu haipoi.

1. Mabadiliko hayafanywi kwa ajili yako.

Novemba 2015 Twitter iliondoa kitufe cha nyota ikaweka cha moyo. Kampuni ilisema wazi kwamba nyota ilikuwa inawachanganya wageni. Sisi wenyeji haikutuchanganya hata kidogo. Tuliitumia kuweka kando habari ya kusoma baadaye, au kumjulisha mtu kwamba ujumbe wake umefika, yakaisha. Ghafla mtu anaandika tanzia ya mama yake, wewe unataka kuihifadhi usije ukasahau saa ya maziko, na kidole kinasita juu ya kimoyo chekundu. Utapendaje msiba? Sehemu maalumu ya kuhifadhia ilikuja 2018. Hesabu yao naielewa: mwenyeji keshaketi sebuleni, anayebembelezwa ni yule aliyesimama mlangoni.

2. Kelele za chura wakati mwingine humzuia ng'ombe kunywa maji.

Februari 2017 WhatsApp iliondoa yale maneno mafupi yaliyokaa na jina lako: "Niko kazini", "Mungu ni mwema", "Usipige, andika". Badala yake zikaja picha zinazofutika baada ya saa 24, mtindo ulioanza Snapchat. Watu wakalalamika, na mwezi uliofuata maneno yao yakarudi. Julai 2022 Instagram nayo ilikuwa ikijaribu kujaza skrini nzima kwa video, kama TikTok. Mastaa Kylie Jenner na Kim Kardashian wakaja juu, na haukupita muda jaribio likasitishwa. Tungelalamika sisi wauza vitenge peke yetu, sidhani kama kuna ambaye angegeuza shingo. Tazama ule mpangilio wa picha za Instagram kufuata saa zilipowekwa, walioanza kuuondoa 2016: uliporejeshwa 2022 ulikuwa chaguo la kutafuta mwenyewe, siyo unachokikuta ukifungua.

3. Tunachokisonya leo, kesho tunakifanyia biashara.

Zile picha za saa 24 tulizozichukia ndizo duka letu sasa. Asubuhi kabla ya chai unakuta "Mzigo mpya umeingia", kitenge kimetandazwa juu ya kochi, kona moja imekunjwa uone nembo ya kiwanda, na chini yake "Bei inbox" (tabia ambayo mimi binafsi siipendi, andika bei, mteja ajipime). Anayetazama ana namba yako tayari, akitaka anaagiza papo hapo.

4. Wateja wangu nawaandika daftarini.

Jina, namba, rangi anazopenda, analipa taslimu au kwa simu, na kama ana deni. Kuna wanaonicheka. Ila mtandao mmoja ulipobadilisha namna ya kuonyesha machapisho na waliokuwa wakiniona wakapungua, nilikaa na daftari hilo nikawapigia mmoja mmoja.