Shimo la Bamburi

Watoto, ninyi mnaokaa Mokambo mnaona malori yakipita mpakani kwenda Mufulira na kurudi. Wengi wenu mna baba, kaka au mjomba anayefanya kazi ya shaba. Basi hakuna haja ya kuwaeleza shimo la machimbo ni kitu gani. Mnajua jinsi linavyokuwa: ni pana, lina kuta zilizosimama wima, na chini yake hakuna hata jani moja. Madini yakiisha, mashini huondolewa, watu huondoka, na shimo hubaki.

Je, shimo kama hilo laweza kuwa mahali ambapo baba na mama wanawapeleka watoto wao kutembea siku ya Dominika, nao watoto wakalia wakiambiwa saa ya kurudi nyumbani imefika? Mtasema hapana. Lakini liko moja.

Kwanza mfahamu kwamba duniani kuna makampuni ambayo kazi yao ni kuwafurahisha watu wa nyumba moja, wakubwa kwa wadogo. Hutengeneza bustani kubwa yenye michezo, na kila aingiaye hulipa mlangoni. Moja ya zamani ni Tivoli, katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, iliyofunguliwa mwaka 1843. Nyingine yenye sifa kubwa ni Disneyland ya Marekani. Bwana Walt Disney, aliyekuwa akitengeneza sinema za michoro, alinunua mashamba ya michungwa huko California, miti ikaondolewa, na tarehe 17 Julai 1955 milango ikafunguliwa. Huko California walitoa miti ili wapate mahali pa kuchezea. Katika habari yetu ya leo mambo yalikwenda kinyume: miti ndiyo iliyotangulia.

Mahali penyewe panaitwa Bamburi, kando ya Bahari ya Hindi, kaskazini kidogo ya mji wa Mombasa katika Kenya. Zamani sana maji ya bahari yalifunika nchi ile. Ndani yake waliishi vinyama vidogo viitwavyo matumbawe. Vilipokufa, miili yao migumu ilirundikana juu ya mingine, ikawa jiwe. Jiwe hilo lina chokaa nyingi. Nanyi mnajua, au sasa mtajua, kwamba simenti hutengenezwa kwa jiwe la chokaa. Jiwe husagwa pamoja na udongo, huchomwa katika tanuru refu linalozunguka, lenye moto wa kupita digri 1,400, kisha husagwa tena hata liwe unga.

Mwaka 1954 kiwanda cha simenti kilianza kazi Bamburi. Mwanzilishi wake alikuwa Bwana Felix Mandl, mkubwa wa kampuni moja ya Uswisi. Wakati ule kiwanda kiliweza kutoa tani 140,000 kwa mwaka. Nyumba zikajengwa, na madaraja, na gati za meli. Lakini kila mfuko wa simenti ulitoka katika jiwe, na kila jiwe liliacha nafasi tupu. Mwaka baada ya mwaka shimo likapanuka. Walichimba mpaka karibu na maji ya chini ya ardhi, nayo maji yale yana chumvi kidogo kwa sababu bahari iko jirani. Sakafu ya shimo ilikuwa nyeupe, ngumu, bila udongo. Jua likiipiga, joto lilirudi juu kama linavyorudi kutoka kwenye bati.

Mwaka 1959 kampuni ilimwandika kazi kijana mmoja wa Uswisi, René Haller, aliyezaliwa mwaka 1933. Alikuwa amejifunza kilimo cha nchi za joto, na kabla ya hapo alifanya kazi katika shamba la kahawa huko Tanganyika. Kazi yake Bamburi ilikuwa kutunza bustani na kulima chakula cha wafanyakazi. Miaka zaidi ya kumi akalima mboga pembeni mwa shimo, huku shimo likimtazama. Mwishowe, kama mwaka 1970, akapewa kazi nyingine: aone kama kitu chochote chaweza kuota mle ndani.

Mwaka 1971 alipanda miti ya namna 26. Alitoboa matundu katika jiwe, akatia miche, akangoja. Miti ikakauka, mmoja mmoja. Katika namna zote 26, zilizopona ni tatu tu: mnazi, mti mmoja wa kutoka nchi za Somalia, na mvinje. Mwanafunzi akipata 3 kwa 26 katika hesabu, mwalimu hatamsifu. Lakini Haller hakuhesabu ishirini na tatu zilizokufa. Alizitazama tatu zilizobaki, akauliza kwa nini hazikufa.

Mvinje ndio uliomvuta zaidi. Ni mti wa pwani, mrefu, na majani yake ni membamba kama sindano, hata upepo ukipita husikika kama mtu anayenong'ona. Hauogopi maji ya chumvi. Tena una siri katika mizizi. Ng'oeni karanga shambani, mtaona vinundu vidogo kwenye mizizi yake. Ndani ya vinundu hivyo wamo vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyochukua chakula cha mmea kutoka katika hewa. Mvinje nao una vinundu vyake na vijidudu vyake, ingawa si wa namna ile ile ya karanga. Kwa hiyo uliweza kuishi juu ya jiwe tupu, mahali ambapo mti mwingine ungekufa kwa njaa.

Basi wakapanda mivinje mingi, ikakua upesi, na shimo likapata kivuli. Kazi imekwisha? Bado. Majani makavu ya mvinje yalianguka, yakatanda chini kama mkeka, yakakaa vile vile. Hayakuoza. Yana uchungu fulani ndani yake ambao vijidudu vya kuozesha hawaupendi. Na pasipo majani kuoza hapapatikani udongo mweusi. Pasipo udongo mweusi hauoti mti mwingine. Haller alikuwa na msitu ulio kama picha ukutani: unapendeza kutazama, lakini hauzai kitu.

Ndipo alipoingia mfanyakazi ambaye hakuna kampuni iliyowahi kumwandika kazi. Jongoo.

Huko pwani yuko jongoo mmoja mweusi mwenye miguu myekundu. Haller aliona kwamba jongoo huyo anakula yale majani makavu ya mvinje, na wala hadhuriki. Anayatafuna, yanapita tumboni mwake, na mavi yake yanakuwa chakula cha vijidudu, nao wanamaliza kazi. Wazee wa Kiswahili husema: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Maana yake, mtu amchukiaye jongoo humtupa pamoja na kijiti alichombebea. Bamburi walifanya kinyume cha methali hiyo. Waliwakusanya jongoo kwa mamia, wakawachukua kwa uangalifu kama mtu achukuavyo mayai, wakawaweka chini ya mivinje.

Jongoo hawana haraka. Walikula, wakazaa, wakala tena. Kidogo kidogo juu ya jiwe jeupe ukatanda udongo mweusi, udongo wa kweli, unaoshika maji ya mvua. Mbegu zilizoletwa na ndege na upepo zikapata mahali pa kulala. Watu nao wakapanda mitini na miti mingine ya misitu ya pwani. Mivinje ilipokomaa ilikatwa kidogo kidogo, ikauzwa kuwa nguzo na kuni, na miti mingine ikashika nafasi yake. Mwenyezi Mungu alipoumba viumbe vyake hakumwacha jongoo kuwa bure, hata kama sisi tunamrukia njiani kwa kelele.

Baada ya miti wakaja wanyama. Yalichimbwa mabwawa, wakafugwa samaki wa kuliwa. Wakaletwa mamba. Pofu na choroa wakafugwa kama ng'ombe. Viboko waliopoteza mama zao walipata makao, na twiga pia, na kobe wakubwa wa visiwa vya Aldabra ambao mtoto wa darasa la kwanza hawezi kumzungusha mmoja kwa mikono yake miwili.

Wakati wote huo hapo palikuwa shamba la kampuni, si mahali pa matembezi. Lakini habari hukimbia. Watu walisikia kwamba ndani ya shimo la simenti kuna twiga, wakataka kuona. Mwaka 1984 njia za kutembea kwa miguu zilifunguliwa kwa watu wote. Familia zikaja, shule zikaja, wageni waliofika kuogelea baharini wakaja. Mtoto anaweza kushika chakula mkononi, twiga akainamisha shingo na kukichukua kwa ulimi wake mrefu. Hakuna gurudumu la kuzunguka angani wala gari la moshi la kuchezea, twiga anatosha. Mwaka 1987 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilimtia René Haller katika orodha yake ya heshima iitwayo Global 500, na baadaye bustani ikapewa jina lake: Haller Park.

Sasa nitawasimulia habari ambayo watoto wa nchi nyingi wanaijua. Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya pili baada ya Noeli, wimbi kubwa la tsunami lilivuka Bahari ya Hindi likafika hata pwani ya Kenya. Karibu na Malindi, mahali mto Sabaki unapoingia baharini, mtoto wa kiboko aliachwa peke yake juu ya mwamba wa matumbawe. Uzito wake ulikuwa kama kilo 300, kwa hiyo hata kuwa mtoto kwake si jambo dogo. Watu wengi walihangaika kumkamata, wavuvi kwa wageni. Nyavu za samaki alizikata. Siku ya pili walimfunga kwa wavu wenye nguvu, wakampakia garini, wakampeleka Bamburi. Walimwita Owen.

Alipofunguliwa alikuwa na hofu na hasira. Alikimbia moja kwa moja kwa kobe mzee wa Aldabra, akajificha nyuma yake, kama mtoto wa kiboko ajifichavyo nyuma ya mama yake. Kobe huyo jina lake Mzee, na umri wake ulikadiriwa kuwa miaka 130 hivi. Mzee hakufurahi hata kidogo. Alifoka, akaondoka. Owen akamfuata. Mzee akaondoka tena, lakini kobe hawezi kukimbia, nanyi mnajua mwisho wa mbio za namna hiyo. Baada ya siku chache walionekana wamelala ubavu kwa ubavu. Walikula pamoja, wakaoga pamoja bwawani. Dkt. Paula Kahumbu, aliyekuwa msimamizi wa bustani, alishiriki kuandika kitabu cha habari zao mwaka 2006. Mwaka 2007 Owen alipelekwa kuishi na kiboko mwenzake wa kike, Cleo, kwa kuwa alizidi kuwa mkubwa, na kiboko aliyekua anaweza kumvunja rafiki yake kwa kumchezea tu.

Kiwanda chenyewe kimebadili wenyewe mara kadhaa. Wafaransa walikishika kwa miaka mingi, na mwishoni mwa mwaka 2024 kilinunuliwa na Amsons, kampuni ya Tanzania.

Labda mmoja wenu atauliza: kwa nini hatuwaleti jongoo Katanga, tuwatie katika mashimo yetu? Ni swali zuri, lakini jibu si jepesi. Jiwe la chokaa ni maskini. Halina chakula cha mti. Udongo wa machimbo ya shaba ni jambo jingine: una sumu. Shaba ikizidi huunguza mizizi. Katika mji wa Lubumbashi, mtaa wa Penga Penga, moshi wa tanuru la shaba, lililoanza kazi mwaka 1911, uliangukia ardhi kwa miaka mingi mpaka miti ikafa na udongo ukabaki wazi. Mwalimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi hawakuanza na miti ya mbali. Walitafuta mimea ambayo tangu zamani inaota yenyewe juu ya vilima vya shaba vya Katanga, wakachagua jani moja fupi liitwalo Microchloa. Walichanganya udongo na mbolea ya takataka zilizooza na chokaa, maana chokaa huishika shaba isiingie sana katika mizizi. Kisha wakalipanda. Jani hilo lilishika.

Maulizo

Kwa nini sakafu ya shimo la Bamburi haikuweza kuotesha miti kwanza? Taja miti mitatu iliyopona, na ueleze mvinje ulipata wapi chakula chake. Majani ya mvinje yalikuwa na shida gani, na ni nani aliyeiondoa? Kwa nini Owen alihamishwa kwa Mzee? Ng'oa mche mmoja wa karanga au wa maharagwe, uoshe mizizi yake kwa maji, uhesabu vinundu vyake, na uulete darasani.