Usimharakishe Mzazi Kushukuru

Tarehe 6 Mei 2017, basi dogo lililobeba wanafunzi wa darasa la saba kutoka Arusha lilitumbukia korongoni eneo la Rhotia, wilayani Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walitolewa wakiwa hai, wameumia vibaya. Walipelekwa kutibiwa Sioux City, jimbo la Iowa nchini Marekani, na Agosti ya mwaka huo wakarejea nyumbani. Msiba wa namna hii huacha wazazi wa aina tatu: waliozika, wanaouguza, na wale ambao watoto wao walisoma shule hiyohiyo lakini siku ile hawakuwamo. Katika jamii zetu wote watatu huishia kusikia neno moja: shukuru. Aliyezika ashukuru kwa kuwa amebakiwa na wengine, anayeuguza kwa kuwa wake anapumua, na wa tatu kwa kuwa hayakumfika. Kijitabu hiki hakipingi shukrani. Kinasema kwamba shukrani humwinua mzazi pale tu inapotoka kwake mwenyewe, ikaruhusiwa kukaa pamoja na majonzi, na isipojengwa juu ya hasara ya mwenzake.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu waliokumbwa na maafa. Miongoni mwa mambo ambayo mwongozo huo unamkataza msaidizi ni kuhukumu hisia za mtu, pamoja na kumwambia ajione mwenye bahati kwa kuwa amenusurika. Sababu yake si ngumu kuiona. Mfiwa anayeambiwa ashukuru husikia kwamba uchungu wake umezidi kiasi na kwamba mazungumzo yaishie hapo. Hunyamaza, na waliokuja kumfariji huondoka wakidhani amepoa. Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Uholanzi, walieleza mwaka 1999 kwamba mtu anayeomboleza vizuri huenda na kurudi: saa hii anaikabili hasara yake, saa nyingine anashughulika na maisha yanayoendelea, kisha huzuni inamrudia. Mama anayecheka na mdogo wa marehemu asubuhi na kulia jioni hajarudi nyuma, wala hajamsahau aliyekufa. Hiyo ndiyo njia yenyewe ya kupona.

Wapo watakaosema kwamba mwenye imani hushukuru papo hapo, kwa kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa, maana imani ndiyo nguzo inayowashikilia wazazi wengi wakati mengine yote yameanguka. Lakini dini zenyewe hazikumfunga mfiwa mdomo. Mtume Muhammad alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na waliomshangaa aliwaeleza kwamba machozi yale ni huruma. Ayubu alirarua vazi lake, akakaa majivuni, na malalamiko yake yamejaza sura nyingi za kitabu chake. Marafiki zake walikaa naye kimya siku saba. Walipoanza kumfundisha namna ya kuyapokea yaliyompata ndipo wakawa mzigo. Anayekwenda kuhani msiba angefanya vema kuzikumbuka zile siku saba.

Mabadiliko ya mtazamo baada ya msiba yapo kweli. Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun wa North Carolina, ambao tangu miaka ya 1990 wamechunguza watu waliopitia maafa, walikuta wengi wakisema kwamba uhusiano wao na jamaa umekuwa wa karibu zaidi, na kwamba siku ya kawaida imepata thamani ambayo hawakuiona zamani. Wataalamu hao walisisitiza mambo mawili ambayo mara nyingi husahaulika: mabadiliko hayo hayaletwi na msiba wenyewe bali na kuhangaika nao, na huzuni haiondoki kwa sababu yametokea. Tuwe waangalifu pia na ushauri wa kuandika kila siku mambo ya kushukuru. Utafiti maarufu wa Robert Emmons na Michael McCullough wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba zoezi hilo linaweza kumfanya mtu ajisikie vizuri zaidi, lakini walioshiriki walikuwa wanafunzi wa chuo na watu wenye maradhi ya neva na misuli, si wazazi waliotoka makaburini.

Shukrani inayodhuru zaidi ni ile ya kulinganisha. Mzazi akisema mbele ya mtoto aliyenusurika kwamba Mungu alimpenda, mtoto huyo, ambaye rafiki zake wamezikwa, atajiuliza kama wao hawakupendwa. Akiitwa mtoto wa muujiza kila apitapo, atahisi ana deni la kuishi kwa niaba ya wote, na atashindwa kukiri kwamba anaogopa kupanda gari au kwamba amekojoa kitandani. Mwambie jambo lililo kweli na jepesi kubeba: nimefurahi uko hapa, na ninawalilia wenzako pamoja nawe. Maneno hayo hayamnyang'anyi jirani kitu. Mzazi ambaye wake amepona anaweza kushukuru chumbani kwake bila haya, kisha akaenda kwa aliyefiwa na kulitaja jina la marehemu, kwani wafiwa wengi huumia zaidi wanapoona watu wanaliepuka jina hilo. Shukrani yake itaonekana katika kuchota maji, kupika, na kurudi tena baada ya arobaini, wakati turubai limeshaondolewa na wageni hawapo.

Kuna hofu nyingine, nayo ni ya haki: kwamba shukrani huwalaza watu, wakaacha kuuliza nani alizembea. Hilo hutokea pale tu shukrani inapogeuzwa amri ya kunyamaza. Mzazi anayeithamini pumzi ya mwanawe ana kila sababu ya kuuliza basi la shule limebeba watu wangapi na breki zake zilikaguliwa lini.

Ikiwa miezi sita au zaidi imepita na mzazi bado hawezi kufanya kazi, kulala au kuwajali watoto waliobaki, na uchungu haujapungua hata kidogo, asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Huenda ana tatizo la majonzi ya muda mrefu, ambalo Shirika la Afya Duniani linalitambua kuwa ugonjwa unaotibika. Anayetaja kutaka kufa asisubiri miezi. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa mtoto mwenye hofu au huzuni isiyokwisha, piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto nchini Tanzania, Kenya na Uganda.