SOMO LETU: GARI KUUKUU NA MWAKA WAKE

Ndugu mfanyakazi, ukitaka kununua gari lililotumika usiulize jina lake tu. Uliza na mwaka lilipotengenezwa. Tuchukue Toyota Corolla, ambayo wenzetu wa Uganda wanaijua sana. Zile za miaka ya mwisho ya 1990 zenye injini ya 5A huendesha valvu kwa mkanda wa mpira, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, gari husimama palepale. Corolla ya umbo jipya, iliyotoka Japani Agosti 2000, yenye injini ya 1NZ, hutumia cheni ya chuma. Hiyo hudumu miaka mingi, mradi oili ibadilishwe kwa wakati wake.

Kwa hiyo "Corolla ya 2000" ni neno la mtego: yaweza kuwa hii au ile. Tena wachuuzi hutaja mwaka wa kuandikishwa. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho, usome tarehe iliyo kwenye kitambaa chake. Kisha fungua boneti utazame alama ya injini.

Muuzaji asipojua mkanda wa injini ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa, na gharama hiyo aipunguze katika bei.