Kupima ubora wa kitabu cha kutambulia ndege: macho ya mwanafunzi wa isimu

Fungua kamusi ya lugha zetu za Kibantu, tafuta majina ya ndege, na mara nyingi utakutana na maelezo haya: "aina ya ndege". Ukibahatika utapata "aina ya ndege mdogo". Mtunzi alisikia jina, akaliandika vizuri, pengine hata kwa toni zake, lakini hakuwa na njia ya kumwonyesha msomaji ni ndege gani. Vidahizo vitatu vyenye maelezo hayo hayo vinaweza kuwa ndege watatu, au ndege mmoja mwenye majina matatu, au dume, jike na kinda wake. Mzee aliyelitoa jina akishafariki, hakuna tena wa kuulizwa.

Ndiyo sababu wengi wetu katika idara ya lugha za Kiafrika huenda kijijini na kitabu cha picha za ndege ndani ya mfuko, pamoja na daftari na kinasa sauti. Lakini kitabu kipi? Wenzetu wa biolojia wanakipima kwa haja zao. Mimi nataka kukipima kwa haja zetu, kwa hoja moja: kitabu cha kutambulia ndege ni kamusi ambayo kidahizo chake ni picha, na maswali tuliyofundishwa kupimia kamusi ndiyo yanayofaa kukipimia.

Swali la kwanza ni eneo. Kamusi hutaja lugha yake. Kitabu cha ndege hutaja nchi zake, na hapo Kongo yetu inaangukia katika pengo. Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mwaka 2002, kina ndege 1,388 wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Ni kitabu kizuri mno, ila kinaishia mpakani: Bujumbura imo, Uvira haimo. Kile cha Nik Borrow na Ron Demey cha Afrika ya Magharibi kinafika Brazzaville na hakivuki mto. Les Oiseaux du Zaïre cha Lippens na Wille, cha mwaka 1976, ni chetu kwa eneo na kwa Kifaransa chake, lakini ni kitabu cha mezani. Juzuu nne za James Chapin juu ya ndege wa Kongo ya Wabelgiji, zilizotoka kati ya 1932 na 1954, ni za maktaba. Hakuna atakayezipanda nazo kwenye pikipiki kwenda Kasenga.

Kinachobaki ni Birds of Africa South of the Sahara cha Ian Sinclair na Peter Ryan (2003, toleo la pili 2010). Kongo imo, pamoja na ndege zaidi ya 2,100. Wingi huo una gharama yake. Ramani ni ya bara zima na ni ndogo kama kucha. Ncha ya kalamu inatosha kuifunika Katanga. Tena kila ukurasa wa picha unachanganya ndege wa kwetu na wa Senegali au Somalia. Biolojia haioni shida hapo. Kwetu shida ni kubwa, kwa sababu mtu aliyetuheshimu akakaa nasi asubuhi nzima hapendi kutuacha mikono mitupu. Ukimwonyesha ndege ambaye hajawahi kufika kijijini kwake, anaweza kukupa jina la yule anayefanana naye, kwa adabu tu. Jina hilo linaingia daftarini, kisha kwenye tasnifu, kisha kwenye kamusi.

Hata hivyo dawa iko ndani ya sumu hiyo hiyo. Ndege wa mbali waliomo ukurasani wanaweza kutumika kama mtego wa kujipimia: kama msemaji anasema wazi "huyu hapa hayupo", basi majina mengine anayotoa yana uzito. Kwa hiyo ramani ndogo si kasoro ya kukitupa kitabu, mradi iwe sahihi na iwe kando ya picha, si mwisho wa kitabu.

Nije kwenye picha zenyewe. Mwindaji mmoja wa zamani, huko upande wa Luapula, alifunguliwa ukurasa wa vipanga na hakutaja jina hata moja. Aliuliza: "Mwanangu, huyu anatoshana na nani? Na njiwa, ama na kuku?" Swali lake lina thamani kuliko sura nzima ya mbinu za utafiti. Katika kitabu kibaya tai na kipanga mdogo wamechorwa kwa kimo kimoja ili wajaze nafasi sawasawa. Katika kitabu kizuri ndege wote wa ukurasa mmoja wamechorwa kwa kipimo kimoja, au angalau urefu wao umeandikwa kwa sentimita karibu na jina, ili wewe uweze kujibu: ni kama njiwa.

Kisha angalia kama kila ndege amechorwa katika hali zake zote. Mfano mzuri ni Vidua macroura, yule mdogo mweusi na mweupe ambaye dume lake, wakati wa kuzaa, hubeba mkia mrefu kuliko mwili. Msimu ukipita, mkia unadondoka, na dume anabaki wa rangi ya udongo yenye michirizi, karibu sawa na jike. Kitabu kinachomwonyesha dume mwenye mkia peke yake kinakupa jina moja, na kinakunyima swali muhimu zaidi: je, wale wa rangi ya udongo wana jina lao? Wakiwa nalo, umepata jozi ya maneno kwa spishi moja, na hilo ni jambo la semantiki ambalo mtu wa biolojia hatalitafuta kwa niaba yako.

Je, picha za kamera au michoro? Wengi hudhani kamera haidanganyi. Mimi nachagua mchoro, na sababu wanaisimu wenzangu wataielewa haraka. Picha ya kamera ni kama sauti moja iliyotamkwa na mtu mmoja siku moja: jua lilikuwa upande huu, ndege alikuwa amelowa, kivuli kimeficha kifua. Mchoro mzuri ni fonimu. Mchoraji ametazama ndege wengi wa aina hiyo, akaacha yale ya bahati na kubakiza yale yanayotofautisha. Roger Tory Peterson alilielewa hilo huko Marekani mwaka 1934, alipoweka katika kitabu chake vistari vidogo vinavyoelekeza jicho kwenye alama zinazomtenga ndege mmoja na mwenzake. Hizo ni sifa bainifu, ingawa yeye hakuziita hivyo.

Tena kuna jambo ambalo wachapishaji wa London hawalifikirii: fotokopi. Vitabu hivi ni ghali, na wengi wetu tunafanya kazi na kurasa zilizotolewa nakala za nyeusi na nyeupe mbele ya chuo. Katika nakala hizo, ndege wa jenasi Euplectes mwenye nyekundu na yule mwenye manjano wanakuwa ndugu pacha. Kitabu kinachotegemea rangi tu kinakufa kwenye mashine. Kitabu kinachoeleza kwa maneno umbo la mdomo, urefu wa miguu, namna ya kukaa tawini na kama ndege hutingisha mkia, kinaendelea kuishi. Na hata rangi ikiwepo, tusisahau kwamba katika lugha nyingi za kwetu neno moja la wekundu hubeba pia kahawia na rangi ya udongo wa njiani. Msemaji akikuambia ndege ni mwekundu, usikimbilie ukurasa wa wekundu.

Sasa sauti, na hapa nitakawia, kwa sababu ndipo vitabu hivi vinaposhindwa zaidi na ndipo sisi tunapoweza kuwa na la kusema.

Watu wengi wanaoishi karibu na msitu au mbuga humjua ndege kwa sikio kabla ya jicho. Majina yenyewe yanashuhudia: tipitipi na dudumizi wa Kiswahili sanifu yamejengwa kwa mlio. Steven Feld, aliyewachunguza Wakaluli wa Papua New Guinea katika kitabu chake cha mwaka 1982, alionyesha kwamba kwao ndege ni sauti kwanza. Kuna hata makundi ambayo bila sauti hayatengeki. Virukanjia, wale wa usiku wanaolala barabarani, wote wana rangi ya majani makavu. Ndege wadogo wa jenasi Cisticola wanafanana hivi kwamba Waingereza wenyewe wamewapa wengi wao majina ya milio yao: anayepiga mluzi, anayekwaruza, anayelia kama aombolezaye. Kumwonyesha mzee picha kumi za Cisticola na kumwomba majina kumi ni kumwonea.

Basi kitabu kinaandikaje sauti? Kwa kawaida, kwa tahajia ya Kiingereza. Irabu ambayo Mwingereza anaiandika kwa herufi o mbili, Mfaransa anaiandika ou, na sisi tunaiandika u. Mwanafunzi wa Lubumbashi akiisoma tahajia hiyo kwa sauti mbele ya msemaji, anatoa mlio ambao hakuna ndege aliyewahi kuutoa. Mbaya zaidi ni sentensi za kukumbushia. Kusini mwa Afrika wasemaji wa Kiingereza husikia tetere mmoja akiwahimiza watu wafanye kazi kwa bidii zaidi. Katika Kiingereza maneno hayo yana mapigo matatu, na mapigo hayo ndiyo ushahidi. Ukiyatafsiri kwa Kiswahili, umehifadhi maana, ambayo ndege hana, na umetupa mdundo, ambao ndio alio nao.

Kitabu kizuri huacha herufi zifanye kazi ndogo. Kinasema mlio una silabi ngapi, unapanda au unashuka, unaenda kasi au polepole, unarudiwa mara nyingi au mara moja, unasikika alfajiri au usiku, juu ya mti au ndani ya matete. Sisi tunaofundishwa kuandika toni ya juu na ya chini tuna vifaa vya kufanya hivyo kuliko wengi walioviandika vitabu hivi. Ningependa kuona tasnifu moja katika kitivo chetu itakayochukua milio 30 ya ndege wa miombo na kuiandika kwa alama za toni, kisha kuipeleka kwa wasemaji waone kama wanatambua.

Linabaki suala la majina. Kitabu kinachotaja jina la kisayansi kimekupa nanga, lakini nanga nayo husogea. Kwenye ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, kuna mnana aliyekusanywa mwaka 1960 na kupewa jina Ploceus ruweti mwaka 1982. Wataalamu wengine humhesabu kuwa spishi kamili. Wengine humweka chini ya Ploceus reichardi wa magharibi ya Tanzania. Ni mabishano yetu ya lugha na lahaja, yamevaa manyoya. Kwa hiyo andika daftarini jina la kisayansi pamoja na kitabu na toleo ulikolitoa.

Lebo nayo si kitu cha kuaminiwa kwa sababu tu imeandikwa. Mwaka 1913 Chapin alipata unyoya mmoja huko Avakubi, Ituri, uliopamba kofia, na hakujua ni wa ndege gani. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, alikuta ndege wawili waliokaushwa wenye manyoya kama lile lake. Lebo ilisema ni tausi wachanga wa India. Walikuwa tausi wa Kongo, Afropavo congensis, ambao sayansi haikuwa imewapa jina, ilhali watu wa msitu walikuwa wakiwavalia kofiani.

Na majina ya lugha zetu? Kitabu kisichoyataja kabisa nakiona bora kuliko kinachoyataja ovyo. Jina lililoandikwa "la kienyeji" bila lugha wala mahali halina faida: sisi mitaani tunasema ndeke, kitabuni tunaandika ndege, na Kiswahili cha kale kilisema nyuni. Nina shaka pia na orodha zinazoipa kila spishi jina lake pekee la Kiswahili. Chozi ni jina la kundi zima la wale wadogo wanaofyonza maua, na korongo hubeba ndege wakubwa wa familia zaidi ya moja. Msemaji anayetumia neno moja hapo si maskini wa maneno. Hivyo ndivyo lugha yake inavyogawa. Orodha inayomkatia chozi vipande ishirini imetungwa ofisini.

Kwa atakayepata nafasi ya kushika kitabu kabla ya kununua, ninafanya kama tunavyofanya na kamusi: natafuta ninaowajua. Kunguru mwenye kifua cheupe, Corvus albus, anayetembea kwenye jalala la soko, natazama kama weupe wake umechorwa mahali pake. Yangeyange afuataye ng'ombe, natazama kama amechorwa pia na ile rangi ya mchanga anayoota kichwani na mgongoni wakati wa kuzaa, na kama mdomo wake unabadilika. Kisha nasoma sauti ya tetere kwa nguvu, hapo hapo, mbele ya muuzaji. Wawili wakikosewa, narudisha kitabu rafuni hata kama jalada lake linang'aa.

Kwa maktaba ya kitivo ningeomba Sinclair na Ryan, toleo la 2010, nakala mbili: moja ibaki mezani, nyingine iende kijijini ndani ya plastiki wakati wa mvua. Na kurasa zitakazotolewa fotokopi zitiwe rangi kwa penseli kabla ya kupelekwa kwa wasemaji, na mtu ambaye ana kitabu chenyewe mbele yake.