Kipimo cha Mate na Afya ya Ukoo

Mwezi huu tunajibu swali alilotuletea mama mmoja kliniki. Alikuwa na uvimbe kwenye titi kwa miezi mitano. Tulipomwuliza kwa nini amechelewa, alijibu: “Binti yangu yuko Marekani. Alipima mate, akaambiwa hana saratani ya ukoo. Nikajua na mimi ni salama.” Je, ni kweli?

Kipimo hiki ni nini?
Mtu hununua kichupa, hutemea mate ndani yake na kukituma kwa posta kwenye maabara. Mate yana chembe za mwili, na ndani ya chembe mna vinasaba, yaani DNA. Nusu tumeirithi kwa baba, nusu kwa mama. Kwa kawaida maabara hizi hazisomi vinasaba vyote, bali sehemu zilizochaguliwa.

Kinasaidia nini?
Huonyesha ndugu wa karibu, iwapo nao wamepima katika kampuni hiyo hiyo. Asili ya ukoo ni makisio tu, ndiyo maana kampuni mbili huweza kutoa hesabu tofauti kwa mtu mmoja. Baadhi huonyesha pia kama mtu amebeba ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli.

Mipaka yake
1. Mwaka 2018 kampuni ya 23andMe iliruhusiwa Marekani kutoa majibu ya kasoro 3 tu za vinasaba vya BRCA, zinazoonekana zaidi kwa Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki. Mwaka 2023 zikafika 44. Kasoro zinazojulikana ni maelfu.
2. Binti huchukua nusu tu ya vinasaba vya mama. Mama anaweza kuwa na kasoro ambayo binti hakuirithi.
3. Saratani nyingi za titi si za kurithi. Za kurithi ni kama 5 hadi 10 kati ya 100.
4. Kipimo huweza kufichua siri ya uzazi iliyofichwa miaka mingi. Tena mwaka 2023 wezi walipata taarifa za watu wapatao milioni 6.9 wa kampuni hiyo, na mwaka 2025 ikafilisika. Ukitoa vinasaba vyako, umetoa na vya wanao.

Tufanye nini?
- Ukiona uvimbe, nenda hospitali mara moja, hata kama karatasi inasema huna kasoro.
- Wachumba, pimeni damu ya selimundu hospitalini. Wote wawili mkiwa mmebeba, katika kila mimba mtoto 1 kati ya 4 huweza kuzaliwa na ugonjwa.
- Jibu la kutisha lihakikishwe hospitalini kabla ya kuamua lolote.

Yule mama tulimfikisha kwa daktari siku ile ile, akatolewa kinyama cha kupimwa. Mate ya binti hayawezi kupima titi la mama. Akina mama, msisubiri miezi mitano.